Jina, eneo la wazi au greda: mtaa umtume diwani na lipi kwanza?

Mtaa wetu uko huku pembezoni mwa jiji la Dodoma, upande ambao si zamani sana ulikuwa mashamba ya mtama na mizabibu, leo nyumba zimebanana mpaka mbuzi hawana pa kupita. Kila mkutano wa mtaa mambo ni yale yale matatu. Barabara zetu za ndani hazina majina ya kueleweka. Kuna eneo la wazi lenye migunga minne ambalo kwenye ramani ni la umma ila halina hata bikoni moja, yaani jiwe la kuonyesha mpaka. Na barabara ya kutoka kwenye lami mpaka shuleni imeliwa na korongo. Mkutano uliopita diwani wetu akatuambia kwa upole tu, ndugu zangu mkinipa matatu nitayasoma yote matatu kule barazani na yote yatapita kama salamu, nipeni moja nilikomalie. Basi hapo watu wakaanza kurushiana maneno mpaka giza likaingia, mwenyekiti akaahirisha, tunarudi Jumamosi ijayo.

Nimekaa nikaona niyaweke haya matatu moja kando ya jingine, maana najua hatuko peke yetu, jiji lina kata 41 na ukipita Nkuhungu, Miyuji, Nzuguni, Ipagala, Ntyuka kote huko watu wanabishana hivi hivi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usije ukasema nimekuzungusha: mimi nasema eneo la wazi litangulie. Na nilianza nikiwa mtu wa greda kabisa, kwenye mkutano ule ule nilinyoosha mkono kwa ajili ya barabara, kwa hiyo anayebishana na mimi namwelewa vizuri.

Kwanza, rungu liko kwa nani

Kosa tunalofanya wengi ni kudhani baraza la madiwani lina nguvu sawa kwenye kila kitu. Halina. Barabara ndiyo inapigiwa kelele kuliko yote, lakini tangu TARURA ianze kazi Julai 2017 barabara za mijini na vijijini zilitoka mikononi mwa halmashauri zikaenda kwa wakala huo ulio chini ya TAMISEMI, na zile kubwa za kwenda Iringa, Singida, Morogoro na Kondoa ni za TANROADS. Sasa diwani akisimama barazani kudai greda, hapo anaomba, hapigi kura. Mtu wa TARURA anakuja, anasoma taarifa, anaulizwa maswali, anajibu, ila bajeti yake inapita njia nyingine mpaka bungeni. Jiji linaweza kuchangia kutoka mapato yake ya ndani, lakini uamuzi wa mwisho sio wake. Madiwani nchi nzima wamelalamika kuhusu hili miaka nenda rudi na mimi naona wana hoja, maana mwananchi akiona shimo anamfuata diwani, hamfuati wakala.

Jina la barabara ni kinyume chake. Linaanzia kwenu, mkutano wa mtaa unapendekeza, linapanda kamati ya maendeleo ya kata, linafika jiji, baraza linapitisha, basi. Eneo la wazi nalo liko humo humo ndani, jiji ndiyo mamlaka ya upangaji, lina kamati ya kudumu inayoshughulika na mipango miji na mazingira, na tangu CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa inagawa viwanja hapa, ivunjwe Mei 2017 mambo ya ardhi ya mji huu yako chini ya halmashauri. Kwenye haya mawili diwani wako ana kura mkononi. Hii peke yake inatosha kukufanya ufikirie upya unamtuma nini, kwa sababu ukimpa kazi ya kuomba ataomba, na ukimpa kazi ya kuamua ataamua.

Greda

Naanza na barabara kwa sababu ndiyo inauma. Februari moja usiku jirani yangu alishikwa na uchungu, mvua ilikuwa imekatika kama saa moja nyuma, tukaita bajaji. Dereva kafika kwenye lami kapiga simu, niingilie wapi. Tukamwambia ingia pale kwa mama muuza mkaa, nyoosha mpaka geti la bluu, kata kushoto. Muuza mkaa usiku hayupo, na mageti ya bluu kwa njia ile yapo matatu. Alipotupata hatimaye tukapakia, kufika kwenye korongo gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye ekseli, tukashuka watu watano kusukuma, mama mmoja akavua kitenge chake akakitandika chini ya tairi ili lipate kushika. Tulitoka. Mtoto alizaliwa salama, yule mama kitenge chake hakikufaa tena na hakudai kitu. Kwa hiyo mtu akisimama mkutanoni akisema barabara ndiyo uhai, mimi sina ubavu wa kumwambia amekosea.

Sasa tuangalie pesa yake. Kubwa inatoka Mfuko wa Barabara, ule unaojazwa na tozo ya mafuta, kila lita ya petroli na dizeli unayoweka kuna kitu kinaenda huko, hata bodaboda wa kijiweni kwenu ni mchangiaji. Kwa miaka mingi mgao umekuwa asilimia 70 TANROADS na asilimia 30 TARURA, na mwaka 2021 serikali ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya hizi barabara zetu za chini. Ni pesa ya kila mwaka, haikauki, ila inagombewa na mtandao mrefu sana, kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kungoja misimu mingi.

Kuna pesa za miradi ya mikopo. Mradi wa miji ya kimkakati wa Benki ya Dunia, TSCP, ndio uliotuachia lami nyingi za katikati ya mji, na Chinangali Park, na stendi kuu na soko la Job Ndugai kule Nzuguni. Baada ya hapo ukaja TACTIC, mradi mwingine wa Benki ya Dunia wa kuboresha miji, wenye miji 45. Pesa za namna hii zinaletwa na orodha yake imeshaandikwa, mtaa hauwezi kuamka Jumatatu ukajichomeka. Kwenye mkutano kijana mmoja aliuliza kwa uchungu mbona barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 inajengwa na sisi tunakosa mita mia nne. Jibu ni kwamba ile ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa kazi ile ile, huchoti kikombe ukaja nacho kwenu. Inauma lakini ndivyo ilivyo.

Halafu kuna Mfuko wa Jimbo, ule ambao mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Ni mdogo ila unafaa kwa vitu kama kalvati. Hapa angalia kitu kimoja, tangu uchaguzi wa 2025 jiji lina majimbo mawili, Dodoma Mjini na Mtumba, watu bado wanapeleka barua upande usio wao.

Na kuna njia ya michango, ambayo sisi tumeipitia. Tulichangishana nyumba kwa nyumba, tukanunua moramu lori tatu, vijana wakasambaza kwa majembe siku mbili, ikapendeza kweli kweli, watu wakapiga picha. Mvua ya kwanza kubwa ya Desemba ikabeba karibu yote kwa usiku mmoja. Tulimwaga moramu bila kuchimba mtaro na bila kalvati, maji yakafuata njia yake ya zamani kama vile hatujafanya kitu. Udongo wa huku unajulikana, juu kichanga, maji yakishapata mwanya yanachimba kwenda chini, ndiyo makorongo yote haya. Kwa hiyo kama mtaa wenu umeamua kuchangia, hela ya kwanza iende kwenye maji, moramu baadaye. Mnaposikia tumetengewa greda ulizeni na mtaro umo? Kama haumo, greda ikipita Novemba, Januari mko pale pale.

Kitu cha mwisho kuhusu barabara ambacho sikukijua mpaka nilipoanza kufuatilia hivi vikao. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, lakini makisio ya halmashauri yanapitishwa mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari huko. Hiyo ndiyo miezi ya mvua Dodoma. Yaani wakati madiwani wanapanga vipaumbele, kila mmoja ametoka kwake na tope kwenye viatu, simu yake imejaa picha za magari yaliyozama. Barabara haihitaji msukumo wako kuingia kwenye mazungumzo, itaingia yenyewe. Eneo la wazi halina msimu wake wa kelele. Hakuna mtu atampigia diwani saa nane usiku kwamba migunga minne iko hatarini.

Jina

Hapa nitakuwa mkweli, jina ni muhimu kuliko wazee wetu wengi wanavyodhani, lile geti la bluu nimeshakuelezea. Lakini ndilo jepesi kuliko yote na halihitaji kumaliza nguvu za diwani.

Operesheni ya anwani za makazi ilizinduliwa Februari 2022, ikakimbizwa ili iwahi sensa ya Agosti mwaka ule, nyumba zikabandikwa namba, barabara zikawekwa nguzo, vyote vikaingizwa kwenye NaPA, mfumo wa anwani unaofunguka kwenye simu. Kazi kubwa ilifanyika. Ila kwa sababu ya ile haraka, mitaa mingi majina yaliandikwa bila watu kukaa. Ukizunguka utakutana na Amani, Umoja, Upendo, Amani tena. Kwetu kibao kimoja kimekosewa herufi na kwenye simu limeandikwa jina sahihi, kwa hiyo mgeni anayesoma kibao hapati kitu. Habari njema ni kwamba jina linarekebishika, mkutano wa mtaa ukikaa ukaandika muhtasari safi, mtendaji akaupandisha, mambo yanakwenda.

Mnachobishania ni aina gani ya jina, na hapo ndipo ulinganisho una maana.

Namba ni safi. Mji huu una mfano wake, pale katikati Barabara ya Sita, ya Saba, mtu akiwa ya Tano anajua ya Sita inafuata, hahitaji kumuuliza mtu. Na tuna Area A, C, D, watu wanafika. Namba haileti ugomvi wa koo wala vyama. Ubaya wake haisemi chochote kuhusu mahali, na mtaa uliokua bila mpangilio, barabara zikijipinda, namba zinakuwa fujo, ya Tatu inakutana na ya Tisa.

Jina la mtu linaheshimisha, ila lina mitego. Angalia Dar es Salaam. Pugu Road ikawa Nyerere Road na limeshika kabisa. Samora Avenue ilikuwa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, ndipo ikawa Samora, majina matatu kwa barabara moja. Kipande cha Ocean Road kikapewa jina la Barack Obama mwaka 2013 na mpaka leo ukimwambia dereva Ocean Road anakufikisha. Jina la mtu linashika pale watu wanapolitaka wenyewe. Kwa mitaa yetu mimi ningeshauri jambo moja, msimpe barabara mtu aliye hai, hata kama ni mwema kiasi gani, maana mwaka kesho ana kesi ya kiwanja na nusu ya mtaa. Wako marehemu wa huku wanaostahili. Hukwe Zawose, mtu wa zeze na marimba kutoka Ugogo aliyefariki 2003, alipeleka muziki wa Wagogo duniani kote, barabara ngapi za Dodoma watoto wanaweza kusoma jina lake? Mtemi Mazengo wa Mvumi vile vile. Hao hawagawi watu.

Aina ya tatu ni jina la mahali penyewe, mti, kisima, kilima, au lile jina la Kigogo ambalo wazee wa eneo walikuwa wanalitumia kabla hatujaja na matofali yetu. Mimi hii ndiyo naipenda. Jina la mji wenyewe limetoka huko, Idodomya, mahali palipozama, na wazee wanasimulia habari ya tembo aliyezama. Mzee mmoja kwetu, mwenyeji kabisa, alisimama mkutanoni akasalimia "mbukwenyi", watu wachache wakaitika, halafu akataja majina mawili ya sehemu ambazo tunaishi na hakuna hata mmoja wetu sisi wahamiaji aliyekuwa anayajua. Nilijisikia vibaya. Nimeishi pale miaka tisa. Uzuri wa majina hayo hayajirudii kata ya pili, hakuna Amani ya tano. Ugumu wake ni kuandika, lazima mkubaliane herufi na mzee huyo akiwepo, sio kijana aandike anavyosikia.

Kwa hiyo majina myamalize wenyewe mkutanoni, muhtasari upande na njia yake ya kawaida, diwani alipitishe likifika. Hamhitaji kumtuma akalipiganie kama jambo kuu. Na likikosewa leo, mwaka ujao mnarekebisha.

Eneo la wazi

Jumamosi moja asubuhi, kabla ya saa moja, natoka kwenda dukani nikakuta vigingi vinne vya mti vimepigwa kwenye lile eneo letu, vimefungwa kamba ya njano, na mgunga mmoja umechanjwa kwa panga kama mtu alikuwa anajaribu ugumu wake. Hakuna aliyeona aliyepiga. Watoto walikuwa wameshaanza kuruka ile kamba wanafanya mchezo. Mwenyekiti akaja, akapiga simu hapa na pale, mpaka jioni vigingi vikawa vimeng'olewa na hatukujua ni vya nani. Lakini tangu siku ile nimekuwa nalala na hilo wazo, kwamba vingeweza vikawa vigingi vya zege.

Hapo ndipo nilipobadilisha msimamo. Barabara ikiharibika mwaka huu, itatengenezwa mwaka ujao au wa tatu, itakuwa bado ipo pale pale. Jina likiwa baya linafutwa. Eneo la wazi mtu akishajenga msingi na akapata karatasi, hata karatasi ya kubahatisha, unaingia mahakamani miaka, na aliyejenga ana watoto, nani anakwenda kumbomolea? Nafasi ikishaondoka haiwezi kununuliwa tena, jirani yupi atakuuzia nyumba nne mpandie miti?

Na shinikizo ni kubwa kuliko tunavyokiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 kwenye wilaya hii ya Dodoma Mjini. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Miaka kumi tu. Serikali ilitangaza kuhamia rasmi 2016, jiji likatangazwa 26 Aprili 2018, wizara zikahamia Mtumba, treni ya SGR ikafika 2024, kila hatua hapo imepandisha bei ya kiwanja. Zamani hati za CDA zilikuwa za miaka 33, siku hizi ni 99, jambo jema kwa mwenye nyumba, lakini maana yake pia ni kwamba kosa la leo la ugawaji linakaa karne nzima. Kinachonisikitisha zaidi, mji huu ulipangwa ukiwa na nafasi. Ile ramani kuu ya kwanza ya 1976 iliyochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Kanada iliweka maeneo ya kijani na njia za waenda kwa miguu, ilifikiria mtu anayetembea. Mengi ya hayo yalibaki kwenye karatasi. Tunalolilinda ni mabaki.

Wakina mama wawili walipinga, wakasema bustani ni anasa, Chinangali ipo, Nyerere Square ipo, watoto wapelekwe huko. Nawaheshimu ila sikubaliani. Mtoto wa darasa la pili hapandi daladala kwenda Chinangali kucheza saa kumi jioni. Na hatuombi Chinangali. Hapa naomba tutofautishe vizuri maana neno bustani linawatisha watu:

Kuna bustani ya kujengwa, yenye uzio, taa, vyoo, bembea, sehemu ya vinywaji. Hiyo inahitaji mradi mkubwa au mwekezaji, na mwekezaji ataweka geti na kiingilio, lazima, hela yake irudi. Katikati ya mji inafaa sana. Mtaani kwetu itakuwa tumefukuza watoto wetu wenyewe. Kuna kiwanja cha mpira, hakina gharama, vijana wanakitunza, ila kinabaki uwanja wa vumbi na mabinti na wazee hawana nafasi pale. Halafu kuna hii ninayoisema mimi, eneo lenye miti tu, benchi mbili tatu za zege, nusu yake wazi watoto wakimbie. Hii ndiyo ya bei ndogo na ndiyo inayolindika, kwa sababu eneo tupu kila mtu analiona kiwanja na eneo lenye miti iliyopangwa mstari kila mtu anaona lina mwenyewe.

Miti ya huku isiwe ya kuiga. Mwarobaini unashika, mgunga upo tayari, hata mbuyu kama mna subira. Mvua zetu ni kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo miezi mingi hakuna tone, kwa hiyo mche uliopandwa mwezi wa tano ni mche uliokufa. Kampeni ya kuijanisha Dodoma ilianzishwa 2017, miche mingi imepandwa tangu hapo, na kila mtu hapa mjini ana mahali anapokumbuka pamepandwa kwa sherehe na leo pana vijiti. Maji ndiyo ugomvi. Kwetu tumekubaliana kila nyumba inayopakana na eneo ichukue miche miwili, maji ya kufulia na kuoshea vyombo yanaenda pale, na jina la nyumba linaandikwa kwenye daftari la mjumbe. Kikundi cha vijana wakitaka kufanya kitalu wanaweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Ila miti ni hatua ya pili. Ya kwanza ni karatasi. Nendeni ofisi ya mipango miji ya jiji muombe kuona ramani ya eneo lenu, muandike namba ya ramani na matumizi yaliyoandikwa pale. Kama limeandikwa eneo la wazi mna silaha. Kisha diwani apeleke hoja kwenye kamati lipimwe, liwekewe bikoni za zege, liingizwe kwenye orodha ya mali za jiji, na kibao kisimame. Ombi la kubadilisha matumizi likija, wananchi wana haki ya kuweka pingamizi, lakini mtawekaje kama hamjui kuna tangazo? Mtu mmoja wa mtaa apewe kazi ya kusoma mbao za matangazo za kata na za jiji kila wiki. Vikao vya baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, nimeingia mara tatu, unakaa nyuma, huongei, ila unajua nani alisema nini kuhusu kwenu.

Lini ubadilishe huu mpangilio

Kama korongo limebakiza hatua chache kufika kwenye nyumba za watu, acha vyote, hiyo sio barabara tena ni maafa, mpelekee diwani na mkuu wa wilaya siku hiyo hiyo. Kama mtaa wenu hauna eneo la wazi kabisa kwenye ramani, basi nguvu zote barabarani, mkianza na mtaro, na muulize kama shule au zahanati ya karibu ina nafasi ya miti. Kama eneo lipo lakini tayari lina hati ya mtu, tafuteni ushauri wa sheria kabla ya kumbebesha diwani, asije akasimama barazani akaaibika. Na kama gari la wagonjwa limewahi kupotea kwenu zaidi ya mara moja, majina yasingoje, yamalizeni mkutano huu huu.

Kwetu hakuna la hivyo zaidi ya lile korongo la njia ya shule, ambalo linapita mbali na kuta za nyumba na TARURA tayari wameandikiwa. Kwa hiyo Jumamosi nitasimama na nitapendekeza maneno haya yaingie kwenye muhtasari kama yalivyo, mtu mwenye mtaa kama wetu ayachukue abadilishe anavyotaka:

"Mkutano mkuu wa mtaa unamwomba Mheshimiwa Diwani awasilishe hoja kwenye Baraza la Madiwani kwamba eneo la wazi lililoko kwenye ramani namba (ijazwe) lipimwe, liwekewe bikoni na kibao, na lisibadilishwe matumizi bila mkutano wa wananchi wa mtaa huu. Miti itapandwa na kutunzwa na kaya zinazopakana nalo, orodha imeambatanishwa. Majina ya barabara yamejadiliwa na yamepandishwa kwa muhtasari wa peke yake."

Namba ya ramani ninayo kwenye daftari. Orodha ya kaya imefika kumi na moja, nahitaji nyingine nne kabla ya Jumamosi.